Jiwe Chini ya Miguu ya Msafiri: Siku Tisa Katika Njia za Caspar David Friedrich

Katika jumba la sanaa la Kunsthalle hapa Hamburg ipo picha, "Msafiri Juu ya Bahari ya Ukungu", ambayo nimesimama mbele yake mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote. Mwanamume aliyevaa koti la kijani kilichokolea amesimama juu ya mwamba, ametupa mgongo, na mbele yake ukungu umejaa mabondeni mithili ya bahari. Si picha kubwa: ina kimo cha sentimita 95 hivi na upana wa sentimita 75. Caspar David Friedrich aliichora kwa rangi za mafuta yapata mwaka 1817, na watu wengi ambao hawajawahi kusikia jina lake wameiona mahali fulani. Mwezi Agosti binti yangu wa miaka tisa aliitazama kwa kitambo, kisha akauliza, "Mama, hapo ni wapi?" Nimefundisha sanaa miaka kumi na minne, kwanza kwetu Tanga na baadaye Ujerumani, nami sikuwa na jibu la kumpa. Likizo ya Oktoba ilipowadia nilimwacha na baba yake, nikachukua daftari la kuchorea na penseli mbili, nikapanda garimoshi kwenda kumtafuta mchoraji huyo kuanzia mahali alipozaliwa.

Siku ya kwanza, Jumanne. Greifswald

Nilishuka Greifswald adhuhuri na kwenda moja kwa moja Lange Straße, namba 57, ambako Friedrich alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774, mtoto wa sita kati ya kumi. Nyumba iliyopo leo siyo ile ya asili, kwa kuwa ile iliungua mwaka 1901, lakini makumbusho madogo yamefunguliwa pale pale, na chini yake mgeni huonyeshwa jinsi baba yake, Adolf Gottlieb, alivyochemsha sabuni na kumimina mishumaa. Nilikaa sana katika chumba hicho cha chini. Mtoto aliyekulia katika harufu ya shahamu na utambi ndiye aliyekuja kuchora mianga hafifu kuliko wote: machweo yaliyokwisha kuzama, mwezi nyuma ya ukungu, dirisha moja lenye mwanga.

Zama hizo mji huu ulikuwa sehemu ya Pomerania iliyotawaliwa na Uswidi, na ulibaki hivyo hadi mwaka 1815. Jambo hilo litarudi kabla safari haijaisha.

Msiba uliingia mapema katika nyumba ile. Mama yake alifariki mwaka 1781, Caspar David akiwa hajatimiza miaka saba. Mwaka uliofuata akafa dada yake Elisabeth. Desemba 1787 mdogo wake, Johann Christoffer, alitumbukia katika barafu iliyovunjika, akazama. Husimuliwa kwamba alikuwa akijaribu kumwokoa Caspar David mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wapo wanaoifafanua kila picha yake kwa ajali hiyo moja. Sikubaliani nao. Uchungu huo bila shaka ulimkaa rohoni, lakini uchungu peke yake haumfundishi mtu kuchora tawi la mwaloni mpaka ukubali kwamba ni tawi hilo na si jingine. Hilo alifundishwa kwa kazi. Kuanzia mwaka 1790 alisoma kwa Johann Gottfried Quistorp, mwalimu wa kuchora katika chuo kikuu cha mji huu, aliyewatoa wanafunzi wake nje wakachore vitu vilivyo mbele ya macho yao. Kisha mwaka 1794 akaenda katika Chuo cha Sanaa cha Copenhagen, na mwaka 1798 akahamia Dresden, alikoishi hadi kufa.

Siku ya pili, Jumatano. Eldena na Wieck

Leo nimetembea kwa miguu kando ya mto Ryck hadi magofu ya Eldena. Monasteri hii ya Wasisterisia, shirika la watawa Wakatoliki, ilianzishwa mwaka 1199, ikajengwa kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu pwani hii haina mawe mazuri ya kujengea. Baada ya Matengenezo ya Kanisa watawa waliondoka, na Waswidi walipoitawala nchi hii matofali yakaanza kubomolewa na kuchukuliwa kwa ajili ya ngome. Kilichosalia mashuhuri ni ukuta wa magharibi wa kanisa, wenye uwazi mkubwa wa dirisha lililochongoka juu, ambalo sasa halina kioo wala paa nyuma yake. Mtu akisimama mbele yake huona mbingu mahali ambapo zamani angeona giza la kanisa.

Mtu aliyekulia jirani na Tongoni, akacheza utotoni kati ya makaburi ya nguzo yaliyoanguka na kuta za msikiti zilizoshikwa na mizizi, haingii katika magofu kama mgeni. Niliketi kwenye nyasi zenye umande, nikachora ukuta ule kwa saa moja na nusu, na vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Nilipoinuka nilikuwa nimelielewa jambo ambalo vitabu havikuwa vimenieleza vizuri. Friedrich alichora Eldena kwa penseli mara nyingi, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 19, na michoro hiyo ni sahihi kiasi kwamba unaweza kulihesabu tofali lililovunjika. Hakuchora rangi za mafuta hapa. Aliibeba michoro hiyo hadi Dresden, akaihifadhi miaka na miaka, kisha akaitumia kama fundi seremala atumiavyo mbao alizozikausha kwa muda mrefu.

Ushahidi niliuona mchana huu huu katika makumbusho ya Pommersches Landesmuseum mjini. Picha iliyopo pale huitwa "Magofu ya Eldena katika Riesengebirge", ya miaka ya mwanzo ya 1830. Riesengebirge ni safu ya milima iliyoko leo mpakani mwa Cheki na Poland, mamia ya kilomita kutoka pwani hii tambarare; Friedrich aliizuru kwa miguu mwaka 1810 pamoja na rafiki yake mchoraji Georg Friedrich Kersting. Miaka ishirini baadaye aling'oa magofu ya kwao na kuyapandikiza chini ya milima ile, na mtazamaji asiyeijua nchi hii asingeshuku lolote. Kila kipande ni cha kweli, na mahali pazima hapapo. Nimeliandika hilo kwa herufi kubwa katika daftari, kwa kuwa nadhani swali la binti yangu linaanzia hapo.

Jioni nilifika Wieck, kijiji cha wavuvi kilichopo mtoni unapoingia baharini. Mashua zilikuwa zimekunja matanga.

Siku ya tatu, Alhamisi. Rügen

Kutoka Sassnitz nilifuata njia ya juu ya magenge ya chaki, mwendo wa kilomita nane hivi hadi jabali liitwalo Königsstuhl, lenye kimo cha mita 118. Msitu hapa ni wa miti ambayo Wajerumani huiita Buche, yenye magome ya kijivu laini kama ngozi, na mwezi huu majani yake ni ya rangi ya shaba. Tangu mwaka 2011 msitu huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miti inasimama hadi ukingoni kabisa, mingine imeinama juu ya shimo huku nusu ya mizizi ikining'inia hewani. Chini yake weupe wa chaki, na chini ya weupe, bahari ya kijani.

Januari 1818 Friedrich, akiwa na miaka 43, alimwoa Caroline Bommer wa Dresden, na katika kiangazi cha mwaka huo akamleta kwao Greifswald na kumvusha hadi kisiwa hiki. Picha iliyotokana na safari hiyo, "Magenge ya Chaki ya Rügen", iko Winterthur, Uswisi, nami nimeibeba kwa nakala ya karatasi. Watu watatu wako ukingoni: mwanamke mwenye gauni jekundu ameshika kichaka kwa mkono mmoja na kwa mwingine anaonyesha kitu kilichoko chini, mzee ameweka kofia kando na kutambaa kwa mikono na magoti, akichungulia, na kijana ameegemea mti, amekunja mikono, anatazama mbali kwenye matanga mawili madogo. Watu watatu, na namna tatu za kusimama mbele ya shimo. Kwa maoni yangu ni picha yake yenye furaha kuliko zote, na furaha hiyo haisahau kwamba ardhi inaishia hatua mbili mbele.

Kwa miaka mingi watalii walionyeshwa minara ya chaki ya Wissower Klinken kuwa ndiyo iliyochorwa. Minara hiyo iliporomoka baharini Februari 2005, na wengi waliomboleza kwamba picha ya Friedrich imeanguka. Lakini pwani hii inaliwa na mvua, jalidi na mawimbi kila mwaka, na mwaka 1818 minara hiyo haikuwa na umbo lile. Hapa tena alikusanya: jabali la sehemu moja, kichaka cha nyingine, akavifunga kwa matawi mawili yanayokutana juu. Nilitembea nikilitafuta pengo la picha hadi nikachoka, na nilipoacha kulitafuta ndipo nilipoanza kuyaona magenge yenyewe.

Kisiwani humu pia alihudumu mchungaji na mshairi Ludwig Gotthard Kosegarten, aliyekuwa karibu na Quistorp. Msimu wa samaki aina ya heringi, wavuvi wa kijiji cha Vitt walipokuwa hawawezi kuziacha nyavu zao kwenda kanisani, aliwafuata ufukweni na kuwahubiria pale pale, mbele ya maji. Sisi tuliolelewa pwani tunaijua mantiki hiyo bila kuelezwa.

Siku ya nne, Ijumaa. Berlin

Nilifika jumba la sanaa la Alte Nationalgalerie mlango ulipofunguliwa, nikapanda hadi ghorofa ya juu ambako Friedrich amepewa chumba chake. Picha mbili zinaning'inia karibu, zenye ukubwa mmoja, kimo cha sentimita 110 na upana wa sentimita 171.

Ya kwanza ni "Mtawa Kando ya Bahari". Ukanda mwembamba wa mchanga, ukanda mwembamba zaidi wa bahari nyeusi, na mbingu imechukua sehemu yote iliyobaki. Mtu mmoja mdogo amesimama mchangani. Hakuna mti pembeni wa kuyashika macho, hakuna chombo, hakuna njia ya kuingilia. Kabla ya hapo mchoraji wa mandhari alifundishwa kumjengea mtazamaji ngazi: kivuli mbele, mwanga katikati, milima ya buluu nyuma. Friedrich alizivunja ngazi zote. Wataalamu walipoimulika turubai kwa miale ya infraredi waligundua kwamba mwanzoni alikuwa amechora vyombo vyenye milingoti, kisha akavifuta. Jambo hilo linanigusa sana. Utupu ule haukuja wenyewe. Aliufikia kwa kuondoa, kimoja baada ya kingine, vitu alivyojua vizuri kuvichora. Mwandishi Heinrich von Kleist, alipoiona mwaka 1810, aliandika kwamba mtu huihisi kana kwamba kope zake zimekatwa.

Ya pili ni "Abasia Katika Msitu wa Mialoni". Ukuta wa Eldena, ule niliouchora juzi, umesimama katika theluji kati ya mialoni mikavu, na watawa wanabeba jeneza kupita mlangoni. Nilijikuta ninaitafuta sehemu ya ukingo wa dirisha iliyonisumbua wakati wa kuchora, nikaipata, na mwili ukanisisimka. Lakini Eldena haikuwa na makaburi ya namna hii mlangoni, wala mialoni hiyo haikuota pale.

Picha hizi mbili zilionyeshwa pamoja katika Akademia ya Berlin mwaka 1810, zikanunuliwa na Mfalme wa Prussia kwa kusihiwa na mwanawe mrithi, kijana wa miaka kumi na mitano. Miaka ya karibuni zilifanyiwa ukarabati wa muda mrefu, vanishi iliyogeuka manjano na rangi zilizoongezwa na mikono ya baadaye vikaondolewa, na zikarudi ukutani mwaka 2016. Sasa buluu ya mbingu ya mtawa inaonekana ikiwa na tabaka nyembamba, kama pumzi juu ya kioo.

Katika jumba hili pia kuna picha ambayo Kersting alimchora rafiki yake akiwa kazini. Chumba ni kitupu: kiegemezo cha picha, kiti, vibao vya kuchanganyia rangi vimetundikwa ukutani pamoja na rula na pembetatu, na sehemu ya chini ya dirisha imezibwa ili mwanga utoke juu tu. Kutoka mlimani, msituni na baharini alirudi kwenye chumba hicho, akajifungia. Aliandika kwamba mchoraji asichore tu anachokiona mbele yake, bali pia anachokiona ndani yake, na asipoona chochote ndani, basi aache kuchora pia kile kilicho mbele.

Ni vigumu kuamini kwamba mtu huyu alisahaulika karibu kabisa baada ya kufa. Mwanahistoria wa sanaa kutoka Norwei, Andreas Aubert, ndiye aliyeanza kumfufua mwishoni mwa karne ya 19, na maonyesho makubwa ya mwaka 1906, yaliyofanyika katika jumba hili hili, yakamrudisha kwa umma. Kisha yakaja mapigo mengine: moto wa jumba la maonyesho la Glaspalast, München, mwaka 1931, uliteketeza picha zake kadhaa; Wanazi wakamtwaa na kumfanya nabii wa siasa ambazo hakuzijua; na mwaka 1945 picha yake ya makaburi ya watawa katika theluji ikapotea katika vita mjini hapa. Ipo picha ya kamera tu, nyeusi na nyeupe.

Siku ya tano, Jumamosi. Dresden

Dresden ilikuwa mji wake kwa zaidi ya miaka arobaini. Katika jumba la sanaa la Albertinum nilianza na "Msalaba Milimani", ambayo pia huitwa Altare ya Tetschen, ya mwaka 1808. Msalaba mwembamba uko juu ya mwamba kati ya misonobari, umetupa nusu mgongo kwetu, na miale ya jua ambalo hatulioni inapanda kutoka nyuma ya mlima. Fremu ya dhahabu iliyobuniwa na Friedrich mwenyewe ina matawi ya mitende, ngano, mzabibu, na jicho la Mungu ndani ya pembetatu. Krismasi ya mwaka 1808 aliiweka katika chumba chake cha kazi juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cheusi, akapunguza mwanga, na watu wakaja kuiona. Inasimuliwa kwamba walinong'ona kana kwamba wako kanisani. Mwezi uliofuata mhakiki Basilius von Ramdohr alimshambulia vikali, akisema ni kiburi kwa uchoraji wa mandhari kupenyeza kanisani na kutambaa hadi juu ya altare. Mabishano hayo yalimpa umaarufu kuliko ambavyo sifa zingempa. Picha yenyewe ilinunuliwa na ukoo wa Thun-Hohenstein kwa ajili ya ngome yao ya Tetschen, na huko haikuwekwa katika kanisa dogo la ngome bali katika chumba cha kulala.

Nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya "Wanaume Wawili Wakiutazama Mwezi", picha ndogo ya mwaka 1819 hivi. Kwa masimulizi ya jirani yake Johan Christian Dahl, mchoraji wa Kinorwei, wawili hao ni Friedrich mwenyewe na mwanafunzi wake August Heinrich. Mwezi ni mwandamo, mwembamba, wenye duara zima likionekana kwa uhafifu ndani ya pembe zake, na wanaume hao wamesimama kimya kama wazee wetu wanavyosimama ufukweni jioni ya ishirini na tisa.

Mtazamaji hujiuliza kwa nini watu wake hutupa mgongo. Jibu langu ni la mwalimu: uso ungetuzuia. Tungemtazama mtu badala ya kutazama pamoja naye.

Siku ya sita, Jumapili. Krippen na Kaiserkrone

Niliondoka gizani na treni ya mji inayofuata mto Elbe. Nchi hii ya majabali ya mawe ya mchanga huitwa Uswisi ya Saksonia, jina lililotokana na wachoraji wawili wa Kiswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, walioajiriwa Dresden mwaka 1766 na kuona kwamba milima hii inawakumbusha kwao. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba kutoka dirishani sikuuona mto uliokuwa hatua chache tu chini ya reli.

Nilishuka Krippen. Mwaka 1813, majeshi ya Napoleon yalipoikalia Dresden na njaa na magonjwa yakaingia mjini, Friedrich alikimbilia kijiji hiki. Alikuwa mzalendo aliyewachukia Wafaransa waziwazi, na miezi hiyo ilimnyima hata hamu ya rangi. Lakini penseli hakuiacha. Leo njia inayoitwa kwa jina lake inapanda kutoka hapa, inapita mashambani, na kufika Schöna chini ya kilima cha Kaiserkrone.

Kaiserkrone ni kilima cha mita 350 hivi, masalio ya uwanda wa mawe uliokwanguliwa na maji, chenye vichwa vitatu vya mwamba kama taji, ndivyo jina lake linavyosema. Nilipanda polepole kwa ngazi na mianya kati ya mawe. Juu kabisa hapakuwa na mtu. Huko, Juni 1813, Friedrich aliketi na kulichora kwa penseli bonge la mwamba lililochongoka, lenye nyufa na vidato, kwa subira ile ile aliyoipa Eldena. Alikuwa na desturi ya kuandika tarehe kwenye michoro yake na kuweka alama ya kimo cha upeo wa macho, ili atakapoutumia mchoro siku nyingine ajue macho yake yalikuwa wapi. Miaka minne au mitano baadaye akautoa mchoro huo, akalisimamisha jabali katikati ya turubai, na juu yake akamsimamisha mtu.

Niliweka mkono juu ya jiwe. Lilikuwa na baridi na unyevu, chembe za mchanga zikabaki kiganjani, na katika nyufa kulikuwa na mishipa ya rangi ya kutu. Nilitazama mbele kama msafiri, nikitegemea kuiona picha. Haikuwepo. Upande mmoja Zirkelstein imesimama kama kizibo juu ya mti. Kusini mashariki, ng'ambo ya mpaka wa Cheki, uko mlima Rosenberg wenye umbo la chungu kilichofunikwa. Na chini ni nyumba za Schöna na mashamba yaliyolimwa. Vilele vingine vya picha ile viko kwingine: wataalamu wamelitambua jabali la Gamrig, ambalo liko Rathen, mbali upande wa chini wa mto. Aliyesimama hapa hawezi kuviona vyote pamoja kwa mpangilio ule, wala wa Rathen hawezi.

Ukungu ulikuwa umekwisha kuinuka kufikia saa nne. Ulikatika vipande vipande juu ya Elbe, na mwisho ukabaki utando mwembamba kama ule unaoachwa na asubuhi za Usambara juu ya mabonde ya Lushoto. Nilifungua daftari. Nililichora jiwe lile na si kitu kingine, kuanzia ukingo wa juu hadi pale linapoingia katika majani, na kazi hiyo ilinichukua hadi saa saba mchana. Nikaandika tarehe, na pembeni nikachora kistari kuonyesha macho yangu yalipokuwa.

Siku ya saba, Jumatatu. Dresden tena

Makumbusho hufungwa Jumatatu. Nilikwenda Trinitatisfriedhof, makaburi ya upande wa mashariki wa mji, ambako Friedrich alizikwa Mei 1840. Kaburi lake halina fahari. Karibu na hapo, katika makaburi hayo hayo, amelala Carl Gustav Carus, tabibu na mchoraji aliyekuwa rafiki na mwanafunzi wake wa hiari.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Mwaka 1824 Akademia ya Dresden ilimpa cheo cha profesa wa ziada, lakini kiti cha kufundisha uchoraji wa mandhari hakukipata kamwe. Mitindo ilibadilika, wanunuzi wakapungua. Juni 1835 alipatwa na kiharusi. Mkono ukadhoofu, rangi za mafuta zikamshinda karibu kabisa, akarudi kwenye sepia, ule wino wa kahawia uliompa tuzo kutoka kwa mshairi Goethe mwaka 1805. Aliyemsaidia kuilisha familia ni mshairi wa Kirusi Vasily Zhukovsky, kwa kuishawishi kasri ya Urusi inunue kazi zake. Mchongaji wa Kifaransa David d'Angers, aliyemtembelea mwaka 1834, alisema kwamba mtu huyu amegundua tanzia ya mandhari.

Siku ya nane, Jumanne. Leipzig

Nilisimama Leipzig kwa saa tatu tu, kwa ajili ya picha moja: "Hatua za Maisha", ya mwaka 1834 au 1835. Ufukwe ni wa upande wa Wieck. Watu watano wako nchi kavu na vyombo vitano viko majini, vingine mbali, vingine vikikaribia. Mzee mwenye bakora, aliyetupa mgongo na kuwaelekea wengine, ndiye Friedrich. Watoto wawili katikati wameinua kibendera cha Uswidi, miaka ishirini baada ya Uswidi kuondoka Greifswald. Mwanawe wa kiume alikuwa amempa jina la Gustav Adolf, jina la wafalme wa Uswidi. Chombo kikubwa kinaingia bandarini, na kimeanza kukunja matanga.

Nilikumbuka mashua za siku ya pili.

Siku ya tisa, Jumatano. Hamburg

Mchana nilimchukua binti yangu kutoka nyumbani, tukaenda naye Kunsthalle. Tulipita kwanza kwenye "Bahari ya Barafu", ambayo hakuna aliyeinunua Friedrich akiwa hai; Dahl ndiye aliyeitwaa baadaye, na mwanawe akaiuza kwa jumba hili mwaka 1905. Binti yangu aliitafuta meli mpaka akaiona, ubavu mdogo uliobanwa kati ya vipande vya barafu. Nikamweleza kwamba mabamba yale ya barafu yalichunguzwa mtoni Elbe, Dresden, katika kipupwe kikali, na mchoraji hakuwahi kufika kwenye bahari za kaskazini ya mbali.

Kisha tukafika kwa msafiri. Nilimpa daftari, nikalifungua kwenye ukurasa wa Kaiserkrone. Alilishika kwa mikono miwili, akalinyanyua, akalishusha, macho yakienda kwenye karatasi na kurudi ukutani.

"Hili jiwe ni hili," alisema.

"Ndilo, mwanangu."

"Umelishika?"

"Nimelishika."

"Na ukungu mbona hukuuchora?"

"Ulikuwa umeondoka."

"Na hii milima?"

"Huu mmoja uko ng'ambo, nchi ya Cheki. Hili jabali liko mbali sana na jiwe. Mtu hupanda treni kulifikia."

Alinirudishia daftari bila kusema kitu, akasogea hadi kwenye mstari ambao mlinzi haruhusu kuuvuka, akasimama pale mikono nyuma, ametupa mgongo kwangu. Nilikaa kwenye benchi, nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika tarehe, nikaanza na visigino vyake.